Kiti cha Mtoto Kinachotazama Nyuma: Pima Nafasi ya Kiti cha Mbele Kabla ya Safari

ELIMU KWA UMMA: USALAMA BARABARANI

Wazazi wengi wanaponunua kiti cha gari cha mtoto mchanga huangalia bei, rangi na kama kitambaa chake kinaweza kufuliwa. Ni wachache wanaofika dukani na tepu ya kupimia. Shida hujitokeza baadaye nyumbani, kiti kinapowekwa nyuma ya dereva na kuonekana kwamba kimegandamana na kiti cha mbele, au kwamba dereva sasa ameketi magoti yakiwa yamebanwa chini ya usukani.

Hapo ndipo uamuzi wa haraka hufanywa. Kuna wanaomgeuza mtoto atazame mbele kabla ya wakati wake. Kuna wanaomhamishia kiti cha mbele. Wengine hukirudisha kiti stoo na mama akampakata mtoto. Njia zote tatu zinaweza kumgharimu mtoto maisha, ilhali mara nyingi kilichokosekana ni sentimita chache tu ambazo zingepatikana bila gharama yoyote.

Somo hili linaeleza kazi ya pengo lililo kati ya kiti cha mtoto na kiti cha mbele, jinsi ya kulipima, na hatua za kuchukua iwapo halitoshi.

KWA NINI MTOTO ATAZAME NYUMA

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake wote. Shingo inayokibeba bado ni laini, na mifupa yake haijakomaa. Gari linapogonga kwa mbele, kila kilichomo huendelea kwenda mbele kwa kasi ileile. Mtoto aliyetazama mbele hushikwa mabegani na kiunoni, lakini kichwa chake kizito hurushwa mbele na kuivuta shingo. Mtoto aliyetazama nyuma huzama ndani ya kiti chake. Nguvu ya ajali husambaa mgongoni kote, na kichwa, shingo na uti wa mgongo hubaki kwenye mstari mmoja.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1964 mtaalamu wa Uswidi, Bertil Aldman, alibuni kielelezo cha kiti cha mtoto kinachotazama nyuma baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali katika vyombo vya Gemini ili mgongo upokee nguvu ya kuruka. Tangu hapo viti hivyo vimeenea duniani. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kwamba kiti cha mtoto kinachotumiwa ipasavyo hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 71 kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja wanaosafiri katika magari madogo.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 129, inayotumiwa kuidhinisha viti vingi vya kisasa, inataka mtoto atazame nyuma angalau hadi afikishe miezi 15. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri aendelee kutazama nyuma kwa muda mrefu iwezekanavyo, hadi afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chake.

Kumpakata mtoto hakuwezi kuchukua nafasi ya kiti. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, pigo lake ni sawa na la kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kama kutoka ghorofa ya tatu. Hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto katika pigo la namna hiyo, hata iwe ya mzazi mwenye nguvu kiasi gani. Mshipi wa gari nao, ambao Sheria ya Trafiki inawataka abiria waufunge, umeundwa kwa mwili wa mtu mzima. Kumfunga mtoto mchanga pamoja na mzazi ndani ya mshipi mmoja ni hatari zaidi, kwa kuwa uzito wa mzazi humkandamiza mtoto.

PENGO LINA KAZI GANI

Kiti cha mtoto hufungwa kwenye kiti cha nyuma cha gari kwa mshipi au kwa vishikizo vya chuma vinavyoitwa ISOFIX. Aina zote mbili hushika upande wa chini. Upande wa juu, ule unaokaribiana na kiti cha mbele, huwa na uhuru wa kusogea kiasi. Gari linapogonga kwa mbele, upande huo huinama kuelekea kiti cha mbele.

Watengenezaji wa viti wameudhibiti mwendo huo kwa njia tofauti. Wapo wanaotaka pengo la sentimita kadhaa, kwa mfano 2.5, ili kiti kiiname bila kugonga kitu. Wapo wanaoruhusu kiti kiguse cha mbele. Wapo pia wanaotaka kiegemee kabisa kiti cha mbele ili kishikiliwe nacho. Vingine vina mguu wa chuma unaosimama kwenye sakafu ya gari kuzuia kiti kisiiname sana.

Kwa sababu hiyo, hakuna kipimo kimoja kinachofaa viti vyote. Ushauri wa jirani unaweza kuwa sahihi kabisa kwa kiti chake na ukawa kosa kwa kiti chako. Jibu liko katika kijitabu cha maelezo cha kiti chenyewe.

Gari nalo lina kauli. Magari kadhaa yana vihisio ndani ya kiti cha mbele vinavyotambua aliyeketi hapo, na taarifa hiyo hutumiwa kuamua kama mfuko wa hewa utafunguka na kwa nguvu gani. Kiti cha mtoto kinachosukuma egemeo kutoka nyuma kinaweza kuvipotosha vihisio hivyo. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa magari hawataki kiti cha mtoto kiguse kiti cha mbele hata kama mtengenezaji wa kiti anaruhusu. Vijitabu viwili vikitofautiana, fuata kile chenye sharti kali zaidi.

KIJITABU CHA GARI KIKIWA CHA KIJAPANI

Magari mengi yanayonunuliwa nchini ni yaliyotumika Japani, na kijitabu chake, kama kipo, huwa kimeandikwa kwa Kijapani. Jambo hili lisikukatishe tamaa. Aina nyingi za magari hayo ziliuzwa pia katika nchi zinazotumia Kiingereza, na watengenezaji huweka vijitabu vyake kwenye tovuti zao bila malipo. Tafuta kwa jina la gari, muundo na mwaka wa kutengenezwa.

Tazama pia alama za gari lenyewe. Herufi SRS AIRBAG kwenye dashibodi upande wa abiria zinaonyesha kwamba kuna mfuko wa hewa hapo. Kwenye kikingajua cha upande huo mara nyingi huwa na picha ya kiti cha mtoto iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Picha hiyo haihitaji kutafsiriwa: usiweke hapa kiti kinachotazama nyuma.

Kwa kiti cha mtoto, geuza gamba lake na utafute kibandiko chenye jina la muundo, nambari na tarehe ya kutengenezwa. Kwa nambari hiyo unaweza kupata kijitabu kilichopotea. Kiti cha mtumba kisicho na kibandiko, kilichopita muda wake wa matumizi au ambacho muuzaji hajui kama kiliwahi kuwa katika ajali, kisinunuliwe hata kama bei yake inavutia.

JINSI YA KUPIMA

Zoezi hili huchukua takriban dakika 20. Linahitaji watu wawili, tepu na vijitabu vyote viwili.

1. Egesha gari mahali tambarare. Kipimo cha mlalo kilicho ubavuni mwa kiti, kiwe cha kiputo cha maji au cha mstari, hudanganya gari likiwa limeinama.

2. Anza na dereva. Aweke kiti chake anavyoendesha kila siku: miguu ifike kwenye pedali bila kunyoosha magoti kabisa, na kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani kuwe na angalau sentimita 25. Umbali huo humkinga asijeruhiwe na mfuko wa hewa wa usukani unapofunguka.

3. Abiria wa mbele naye aketi kwa kawaida, mgongo ukiwa umegusa egemeo. Asogeze kiti nyuma mbali na dashibodi kadiri nafasi inavyoruhusu.

4. Sasa funga kiti cha mtoto, katika mlalo ulioelezwa kwa umri na uzito wake. Mtoto mchanga huhitaji kulala nyuma zaidi. Akiwekwa wima mno, kichwa huanguka mbele, kidevu kikagusa kifua na njia ya hewa ikabanwa.

5. Shika kiti pale mshipi unapopita na ukitikise kwa mkono. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5 kwenda kushoto, kulia au mbele. Upande wa juu kusogea zaidi ya hapo ni kawaida. Usipime uimara kwa kushika upande huo.

6. Weka mpini wa kubebea katika hali ambayo kijitabu kinataka gari likiwa safarini. Mpini ukisahauliwa juu huchukua nafasi na kuharibu hesabu.

7. Pima kutoka sehemu ya kiti cha mtoto iliyo karibu zaidi na kiti cha mbele hadi egemeo la kiti hicho. Usisahau egemeo la kichwa na mfuko wa kuwekea majarida, kwa kuwa mara nyingi hivyo ndivyo hugusana kwanza.

8. Linganisha na vijitabu. Iwapo kugusa kunaruhusiwa, pitisha karatasi kati ya viti viwili. Ikipita bila kuchanika, viti vinagusana tu. Isipopita, kiti cha mbele kinasukuma, na huenda kimekwisha kubadilisha mlalo wa kiti cha mtoto. Angalia tena kipimo cha mlalo. Kama kijitabu kinataka kiti kiegemee kiti cha mbele, fuata maelezo yake badala ya jaribio la karatasi.

Zingatia mpangilio huo: dereva kwanza, mtoto baadaye. Nafasi iliyopatikana kwa kumbana dereva ni deni litakalolipwa barabarani. Dereva asiyeweza kukanyaga breki vizuri, au aliyekaribiana na usukani, anamhatarisha mtoto yuleyule aliyekusudiwa kulindwa.

NAFASI IKIKOSEKANA

Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio, kwani za kwanza hazigharimu chochote.

Hamisha upande. Kiti kikikosa nafasi nyuma ya dereva, kiweke nyuma ya abiria wa mbele. Abiria hana pedali za kufikia, kwa hiyo anaweza kusogea mbele kidogo mradi asiikaribie dashibodi. Nchini Kenya, ambako magari hupita kushoto, upande huo pia ndio wa ukingo wa barabara, na mzazi humtoa mtoto akiwa mbali na magari yanayopita.

Jaribu katikati. Pengo kati ya viti viwili vya mbele huipa ncha ya kiti cha mtoto mahali pa kupita. Hakikisha kwanza kwamba mshipi wa katikati hupita kiunoni na begani. Baadhi ya magari ya zamani yana mshipi wa kiunoni pekee, na viti vingi vya mtoto mchanga havifungiki kwa mshipi huo. Kiti chenye mguu wa kusimama nacho kisiwekwe palipo na mwinuko wa sakafu au kisanduku cha chini ya sakafu, isipokuwa vijitabu vimekubali.

Simamisha egemeo la kiti cha mbele. Kuliinua kidogo hurudisha sentimita kadhaa nyuma bila kusogeza kiti kizima. Aliyeketi mbele aendelee kuwa na starehe ya kutosha kwa safari ndefu.

Rekebisha mlalo kadiri mtoto anavyokua. Mtoto anayeweza kushika kichwa na kuketi mwenyewe hahitaji kulala kama mchanga. Viti vingi vina alama za mlalo wa umri mkubwa, na kila hatua kuelekea wima hupunguza urefu ambao kiti huchukua. Usizidi alama zilizowekwa.

Badilisha kiti. Viti vya watoto hutofautiana kwa urefu kutoka mbele hadi nyuma. Kabla ya kulipa, omba kukijaribu ndani ya gari lako, dereva wa kila siku akiwa ameketi mbele. Muuzaji akikataa, angalau pima urefu wa kiti kikiwa katika mlalo wa mtoto mchanga na ulinganishe na nafasi iliyopo.

Chukua mfano wa familia yenye gari dogo, baba akiwa mrefu na ndiye dereva. Kiti walichonunua kinataka pengo la sentimita 2.5. Nyuma ya dereva pengo ni sifuri. Wanakihamishia kushoto na kupata sentimita 1. Mama, anayeketi mbele, anainua egemeo lake na kusogea mbele sentimita 2, huku magoti na kifua vikiwa bado mbali na dashibodi. Pengo sasa limepita kiwango kinachotakiwa, na baba hajaguswa. Hawakununua kitu kingine, wala mtoto hakugeuzwa.

MAMBO YA KUEPUKA

Usimgeuze mtoto atazame mbele kwa sababu miguu yake imekunjika au inagusa egemeo la nyuma. Watoto hukunja miguu bila kuumia, na mguu uliovunjika hupona. Jeraha la uti wa mgongo mara nyingi halina tiba. Kinachoonyesha kwamba kiti kimekuwa kidogo ni uzito au urefu kupita kikomo, au kichwa kufikia ukingo wa juu ulioelezwa kwenye kijitabu.

Usiweke kamwe kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho na hugonga gamba la kiti pale kichwa cha mtoto kilipo. Ajali ndogo ya mjini ambayo watu wazima wangetoka salama inaweza kumuua mtoto.

Usijaze pengo kwa mto, blanketi au mkoba ili kukaza kiti. Vitu hivyo hubonyea wakati wa ajali. Taulo iliyoviringishwa itumike kurekebisha mlalo pale tu kijitabu kinaporuhusu.

Usifunge kiti kisha ukamwachia dereva mwingine gari bila kumweleza. Kaka au shangazi akiazima gari na kurudisha kiti cha mbele nyuma, vipimo vyote vimebadilika. Pima tena kila dereva anapobadilika, na ukague kiti kila baada ya safari ya barabara mbovu, kwa kuwa matuta na mashimo hulegeza mshipi.

TEKSI NA PIKAPU

Wakazi wasio na gari wanaweza kubeba kiti cha mtoto na kukitumia kwenye teksi. Njia rahisi ni kukiweka nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, kiti hicho kikiwa kitupu, na kumwomba dereva akisogeze mbele hadi mwisho. Mzazi aketi nyuma karibu na mtoto. Ni vyema kumweleza dereva wakati wa kuagiza teksi ili asifike akiwa na abiria mwingine mbele.

Pikapu yenye kiti cha mbele pekee ni jambo jingine. Kama upande wa abiria una mfuko wa hewa usioweza kuzimwa, kiti kinachotazama nyuma hakina mahali salama humo. Familia itafute gari jingine kwa safari za mtoto.

MASWALI YA KUJIPIMA

Je, dereva wangu anaweza kukanyaga breki hadi mwisho, kifua kikiwa angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani?

Je, ninajua kijitabu cha kiti changu kinataka pengo, kinaruhusu kugusa au kinataka kiegemee? Je, kijitabu cha gari kinakubaliana nacho?

Je, kipimo cha mlalo bado kiko sawa baada ya watu wa mbele kuketi?

Je, kiti husogea chini ya sentimita 2.5 pale mshipi unapopita?

Je, mikanda ya ndani ya kiti imetoka usawa wa mabega ya mtoto au chini kidogo, na imekazwa kiasi cha vidole kushindwa kuukunja utepe wake begani?

Anayejibu ndiyo kwa maswali yote matano amekamilisha kazi. Kwa swali lolote lenye jibu la hapana, au lenye wasiwasi, safari isubiri hadi marekebisho yafanywe. Wazazi wanaotarajia mtoto wanahimizwa kufanya zoezi hili wiki kadhaa kabla ya kujifungua, badala ya kulifanya nje ya wodi, mtoto akiwa mikononi na dereva akiwa na haraka ya kuondoka.